Kipande cha mto ulicholipia siku ya joto: panga saa kabla ya ndoana

Ndugu mwuliza swali, umesema umelipia kipande cha mto (yaani haki ya kuvua sehemu hiyo tu) kwa siku moja katikati ya kiangazi, mto wa trauti, samaki wa maji baridi, na unataka kujua mambo matatu: ufike saa ngapi, ubebe nini, na uvue vipi kutwa nzima ili fedha yako isiende bure. Wenzangu hapo juu wamekujibu kuhusu fimbo na mishipi, na wamejibu vizuri. Mimi nitakaa zaidi kwenye saa, maana siku za namna hii huharibikia hapo, na hilo la "kutwa nzima" ndilo lililonifanya niandike.

Anza na joto la maji. Kabla ya kununua ndoana moja zaidi, nunua kipimajoto kidogo na ukifunge kwa kamba mfukoni. Maji yanavyopata joto, oksijeni inayokaa ndani yake inapungua. Lita moja ya maji ya mto yenye nyuzi 10 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni. Yakifika nyuzi 20 hubeba kama 9, na kwenye nyuzi 25 zinabaki 8 na kidogo. Ukitazama tarakimu peke yake utasema tofauti si kubwa. Lakini mwili wa samaki hufuata joto la maji aliyomo. Mto ukipata moto, mwili wake nao unaenda mbio na kudai oksijeni zaidi, saa ileile ambayo mto umepungukiwa. Trauti wa kahawia huacha kula maji yakikaribia nyuzi 20. Hata ukimshawishi mmoja akashika, yale mapambano yanamchosha kupita kiasi. Anaweza kuondoka mkononi mwako akiogelea vizuri kabisa, kisha akafa baadaye chini ya mizizi ambako hutamwona. Kwa hiyo mimi hupima kabla ya kufunga ndoana, na hurudia kupima kila ninapohama. Maji yakisoma 19 naanza kukusanya vitu. Yakisoma 20 mshipi umeshakunjwa. Hapo silegezi, hata kama nimelipia mpaka usiku.

Namna ya kupima nayo ina maana. Usitumbukize kipimajoto ukingoni kwenye maji yaliyotuama juani, utapata jibu la uongo. Kiweke mkondoni, penye kivuli, kina cha goti hivi, ukiache dakika mbili, ukisome kikiwa bado ndani ya maji. Kisha tembea ukatafute mahali kijito au chemchemi inapoingia. Mara nyingi utajua hata kabla ya kupima: unatia mkono, na vidole vinapita kutoka maji ya uvuguvugu hadi maji yanayouma, hatua moja tu. Siku ya joto kali trauti hujipanga hapo, vichwa kwenye ule ubaridi, matamvua yakifunguka na kufunga haraka haraka. Utawaona wengi na wakubwa, na mkono utakuwasha. Waache. Wamekimbilia hapo wapate pumzi, na hawana pa kwenda zaidi ya hapo. Kumvua samaki aliye kwenye kimbilio hilo ni jambo ambalo nalikataa waziwazi, awe ataachiwa au hataachiwa.

Sasa saa. Kila mtu atakwambia jioni. Na kweli jioni ya kiangazi mtoni ni tamu: wadudu wanatoka majini, mbayuwayu wanapita chini chini, samaki wanaanza kupasua uso wa maji kila upande. Lakini hewa hupoa haraka, mto haupoi haraka. Maji hunywa joto mchana kutwa, na kilele chake huwa alasiri kuelekea jioni, saa ambazo wewe unaanza kusikia nafuu kwenye ngozi na kudhani samaki naye amepata nafuu. Baada ya hapo mto unaachia joto lake polepole usiku kucha, hata ubaridi wake mkubwa unakuja karibu na mapambazuko. Basi siku yako ikiangukia katikati ya wiki ya joto, fika gizani. Uwe umeshavaa, umeshafunga, umekaa ukingoni kabla mwanga haujatosha kuona ndoana. Vua mpaka kipimajoto kikwambie basi. Huenda ikawa saa mbili asubuhi, huenda ikawa saa nne. Jioni rudi ukapime, na ukikuta maji yameshuka, vua kwa raha zako. Yasiposhuka, kaa utazame tu.

Mito si sawa, na hapa lazima uujue mto wako. Ile inayolishwa na chemchemi za miamba ya chokaa, kama Test na Itchen kusini mwa Uingereza, hutoka ardhini ikiwa na nyuzi 10 au 11 majira yote, kwa hiyo karibu na chanzo huweza kuvulika hata siku ambazo mito ya mvua imeshachemka. Mto wa mawe na maporomoko madogo hujivutia hewa wenyewe kila maji yanapogonga jiwe. Ila mto mpole uliojaa majani una tabia yake. Mimea ya majini hutoa oksijeni mchana kwa nguvu ya jua, lakini usiku nayo inavuta oksijeni kama viumbe wengine, hata alfajiri maji yanakuwa baridi lakini yamekaukiwa pumzi. Kwenye mto wa namna hiyo mimi nangoja jua lipige maji kwa saa moja au mbili ndipo nianze. Nimewaona wavuvi wazuri wakishangaa kwa nini samaki wamelala tu asubuhi ya ubaridi mtamu; jibu lilikuwa kwenye majani.

Mchana ndio uliokutia wasiwasi, najua, kwa sababu ni saa nyingi na umezilipia. Zitumie kutembea. Acha fimbo garini, vaa miwani ya polaroidi inayokata mng'ao wa maji na kofia yenye ukingo mpana, upite kipande chako kuanzia mpaka wa chini hadi wa juu, polepole sana. Unapanda kuelekea juu kwa sababu samaki wa mtoni hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, nawe unamjia kwa nyuma. Isipokuwa kwenye mizunguko ya pembeni, ambako maji hurudi kinyume na samaki naye hugeuka nayo, kwa hiyo utamkuta anakutazama uso kwa uso. Kanyaga taratibu; ubavuni mwake samaki ana mstari wa hisia unaomletea kila kishindo cha ukingo.

Ujue pia anachoona. Trauti huona dunia ya juu kupitia duara la mwanga lililo juu ya kichwa chake, dirisha lake, kama mtu anayetazama mbingu akiwa ndani ya kisima. Upana wa pembe ya duara hilo ni nyuzi 97 hivi, na nje ya hapo uso wa maji kwake ni kioo kinachoakisi vitu vya chini ya mto. Samaki aliye kina cha mita moja ana dirisha lenye upana wa kama mita mbili na robo. Aliyepanda karibu na uso ana dirisha dogo la kiganja au sahani. Maana yake kwa mvuvi ni mbili. Ukiinama, umbo lako linabanwa kwenye ukingo wa dirisha na anaweza asikutambue. Na yule anayekula juu kabisa unaweza kumsogelea zaidi kuliko unavyofikiri, ila ndoana lazima ipite juu ya pua yake hasa, kwa kuwa nafasi anayoiona ni finyu.

Tafuta miti iliyoinama juu ya maji. Saa za jua la utosi, wakati mto mzima unaonekana mtupu, chini ya tawi kama hilo mara nyingi kuna samaki mmoja aliye macho. Simama utazame. Sisimizi anateleza kwenye jani, anaanguka, anapelekwa na maji kwa urefu wa mkono. Kisha uso wa maji unanyonywa kidogo, bila sauti, na pete ndogo inapanuka na kupotea. Ukiangalia chini ya pete utaona kivuli kwanza, mchangani. Samaki mwenyewe unamgundua baadaye kwa kufuata kivuli chake. Mpe nusu saa. Hesabu anavyopanda, ona anarudi kukaa wapi. Yule ndiye utakayemjia kesho alfajiri kama umelipia siku mbili, au jioni hii kama maji yatapoa. Mimi nasema kwa dhati kwamba saa hizi za kutazama ndizo zilizonifundisha uvuvi kuliko saa za kutupa mshipi.

Karatasi ya masharti uisome usiku wa kabla. Angalia mipaka (mara nyingi ni mti, daraja au uzio), ukingo upi ni wako, kama unaruhusiwa kuingia majini, fimbo ngapi, samaki wangapi unaweza kuchukua, na kama ndoana zisizo na kijino ni lazima. Ukingo wa pili usiuguse hata kama samaki yuko upande ule. Kwa sheria za Uingereza, kwa mfano, mwenye ardhi ya ukingoni kwa kawaida humiliki mto mpaka katikati tu. Na kibali cha mwenye kipande hakiondoi leseni ya serikali pale inapotakiwa. Hivyo ni vitu viwili.

Kwenye baadhi ya vipande utakuta sharti la kutumia nzi bandia (ndoana iliyovishwa ifanane na mdudu) wa kuelea juu ya maji tu, tena umtupe kuelekea juu ya mto. Usilidharau. Limetoka kwenye mito ya chokaa niliyoitaja, ambako Klabu ya Houghton, klabu ya wavuvi, inavua Test tangu 1822. Mwishoni mwa karne ya 19 mwandishi wa uvuvi Frederic Halford aliutetea mtindo huo kwa nguvu, akaja mwandishi mwenzake G. E. M. Skues akionyesha kwamba trauti hula mno chini ya uso, na kwamba nzi wa kuzama ni halali vilevile. Halford alifariki 1914 na ubishi haukufa naye: mwaka 1938 wavuvi bado walikaa London kuujadili rasmi. Kwa upande wa samaki namwona Skues alikuwa sahihi. Lakini siku ya maji machache na meupe, sharti la Halford linakulazimisha umwone samaki kwanza ndipo utupe, na hilo ni zuri.

Vitu vya kubeba sitavirefusha: maji ya kunywa mengi, mafuta ya kuzuia jua, mkasi, kimia cha mpira kisichokwangua magamba, na mshipi wa mwisho (kile kipande chembamba kinachofungwa ndoana) wenye nguvu kuliko unavyotamani. Wengi hupunguza unene wa mshipi kiangazi kwa sababu maji ni meupe. Sawa, ila mshipi dhaifu unarefusha pambano, na pambano refu kwenye maji ya joto ndilo linaloua. Mlete haraka. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, kwa sababu ute wake ndio ngozi yake ya pili. Asitoke nje ya maji kwa ajili ya picha. Chomoa ndoana akiwa ndani ya kimia, kimia kikiwa ndani ya mto. Kisha mshike kwa chini bila kubana, kichwa kikiwa kimeelekea mkondo, usimsukume mbele na nyuma. Utasikia mkia ukikaza kiganjani. Akitaka kwenda ataenda mwenyewe, na ikichukua dakika tano, mpe hizo tano.

Tahadhari mbili za mwisho, kwa usalama wako. Maji meupe yanadanganya kina: ukitazama kutoka juu moja kwa moja, kina huonekana robo tatu ya kilivyo, na ukitazama kwa mshazari huonekana kifupi zaidi. Mahali unapodhani patakufika kiunoni panaweza kukufika kifuani, kwa hiyo tanguliza fimbo ya kutembelea. Ya pili ni radi. Joto la kiangazi huzaa ngurumo za alasiri, na fimbo ya kaboni hupitisha umeme. Ukisikia mngurumo wa kwanza, ilaze chini utoke majini, usingoje mvua. Nyaya za umeme juu ya ukingo nazo ziangalie kabla hujarusha.

Kuhusu fedha, mpigie mwenye kipande leo, kabla siku haijafika, umwulize anafanyaje maji yakizidi joto. Wapo wanaofunga mto wao wenyewe na kukuhamishia siku nyingine, na wapo watakaokubali ukiomba mapema. Ukifika, mwandikie kwenye daftari la samaki joto ulilopima na saa uliyopima, hata kama hukushika kitu. Walinzi wa mto wanazihitaji namba hizo kuliko hadithi ya samaki aliyeponyoka. Na ukimaliza, kausha buti na kimia kabisa kabla ya kwenda mto mwingine, usije ukahamisha magonjwa na mimea vamizi.

Weka hapa kama mto wako ni wa mawe au wa majani, na mwenye kipande amekwambia nini kuhusu joto. Nikishajua hilo nitakutajia ndoana nitakazochukua.