Re: Nyambizi ya zawadi ya sereali inazama tu

Habari ndugu, umesema hiyo nyambizi ndogo ya plastiki uliyoipata soko la Owino, Kampala, kama zile Kellogg's, kampuni ya sereali (nafaka za kifungua kinywa), walizokuwa wanatoa kama zawadi Marekani mwaka 1954, inazama na hairudi juu. Kwanza angalia unga ulioweka, mimi nilihangaika wiki nzima na bekingi soda kumbe inataka bekingi pauda, soda peke yake kwenye maji ya kawaida haitoi gesi. Jaza kile kitundu cha chini, shindilia kwa kidole, tumbukiza kwenye beseni usubiri, kipovu kinajikusanya pale chini kinaiinua, ikifika juu inalala ubavu, gesi inatoka, inazama tena. Pauda ya zamani ijaribu kwa maji moto, isipotoa povu nunua nyingine. Aisee yangu ilipopanda nilimwita mama aje aione, ndiye aliyekuwa ananipa pauda ya keki utotoni.