Fedha za kikundi cha kutoa ni za nani mwanachama anapojitoa?

SWALI: Sisi ni marafiki 14 tuliosoma sekondari moja mkoani Morogoro. Kila mmoja huchanga shilingi 20,000 kwa mwezi, nasi huzitumia kuwanunulia wanafunzi wenye shida sare na vifaa vya shule, na mara mojamoja kumlipia mgonjwa gharama za hospitali. Fedha hukaa kwenye laini ya simu ya mweka hazina wetu. Mwenzetu mmoja amejitoa na anadai arudishiwe michango yake yote, au angalau sehemu yake ya salio. Je, ana haki hiyo? Na je, tufungue akaunti au tusajili kikundi?

JIBU: Ndugu msomaji, mgogoro wenu unatokana na jambo ambalo vikundi vingi vya aina hii havilitamki tangu mwanzo: fedha inayochangwa ili itolewe huacha kuwa mali ya mchangiaji pale inapoingia kwenye mfuko wa kikundi. Katika VICOBA, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, mwanachama hununua hisa, na mzunguko unapokwisha hurudishiwa hisa zake pamoja na faida. Hata huko, hata hivyo, kwa kawaida hutengwa mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi, na kinachowekwa humo hakihesabiwi kuwa hisa ya mtu. Kikundi chenu chote ni mfuko wa namna hiyo, isipokuwa wanaonufaika ni watu walio nje yake.

Kwa maoni yangu, basi, mwenzenu hana dai juu ya fedha zilizokwisha kutumika, wala juu ya salio lililokusanywa kwa madhumuni aliyoyakubali mwenyewe. Mrudishieni alicholipa mapema kwa miezi ambayo haijafika, ikiwa kipo. Udhaifu wenu ni kukosa maandishi, kwani mbele ya msuluhishi neno lake litapimwa dhidi ya lenu, na kitakachowasaidia ni kumbukumbu za matumizi pamoja na jumbe za kundi lenu zinazoonyesha kwamba naye alishiriki katika maamuzi. Zihifadhini sasa, kabla hazijafutwa.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni laini ya mweka hazina. Salio lililo kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake ni lake machoni pa mtoa huduma. Akifariki dunia, litachukuliwa kuwa sehemu ya mirathi, nanyi mtalazimika kumthibitishia msimamizi wa mirathi, katika siku za majonzi, kwamba kiasi fulani si cha marehemu. Silisemi hili kwa kumshuku. Mtu mwaminifu ndiye anayestahili zaidi kuondolewa mzigo huu, yeye na watoto wake.

Mnaweza kufungua akaunti ya kikundi benki, ambako kwa kawaida mtatakiwa kupeleka katiba, muhtasari wa kikao kilichowateua watia saini na vitambulisho vyao, na mara nyingi uthibitisho kutoka serikali za mitaa. Mnaweza pia kutumia huduma ya simu iliyobuniwa kwa ajili ya vikundi, kama M-Koba, iliyoanzishwa mwaka 2019 na Vodacom Tanzania pamoja na benki ambayo sasa ni TCB (Tanzania Commercial Bank). Lolote mtakalochagua, sharti liwe kwamba fedha haitoki kwa idhini ya mtu mmoja. Vikundi vya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake mikononi mwa watu watatu, vimefuata kanuni hiyo tangu kabla ya fedha za simu kuwapo.

Iko pia njia ya kutokuwa na mfuko kabisa. Mwaka 2006, katika mji wa Jackson, jimbo la Michigan nchini Marekani, wanawake walianza kukutana kwa muda mfupi, kupiga kura ya kuchagua taasisi moja, kisha kila mmoja kuiandikia taasisi hiyo hundi ya dola 100 moja kwa moja. Hakuna mweka hazina wa kulaumiwa, wala salio la kugombaniwa. Kwa mahitaji ya shule, ambayo kwenu huja kwa wingi Januari, ningependelea njia hii: kikao kifanyike Desemba, majina ya wanafunzi yapitishwe, kisha kila mwanachama amlipe fundi wa sare au muuza vifaa sehemu aliyopangiwa na kutuma risiti. Ugonjwa, hata hivyo, hausubiri kikao, kwa hiyo kwa ajili yake bakizeni mfuko mdogo. Mkiwa 13 mtakusanya 260,000 kwa mwezi, yaani 3,120,000 kwa mwaka, na sioni sababu ya kuweka akiba ya dharura inayozidi 500,000.

Kuhusu usajili, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavigusa vikundi vya kijamii vinavyoweka akiba na kukopeshana. Kikundi kinachopokea na kutoa tu hakifanyi biashara hiyo. Siku mtakaposhawishika kumkopesha mwanachama salio "kwa muda mfupi tu", mtakuwa mmeingia katika shughuli ambayo sheria hiyo inaisimamia, na mtakuwa mmetumia fedha ya mgonjwa kwa haja zenu wenyewe. Nawasihi msiufungue mlango huo. Mkianza kuomba michango kwa watu msiowafahamu, mtafuteni mwanasheria kwanza.

Sasa andikeni ukurasa mmoja unaosema kwamba michango hairudishwi. Kwamba mwanachama ambaye ndugu yake anaombewa msaada hatapiga kura juu ya ombi hilo. Kwamba malipo ya matibabu yatapelekwa hospitali na si mkononi mwa mtu. Na kwamba kikundi kikivunjwa, salio litakwenda kwa shule au zahanati mliyoitaja kwa jina, bila kugawanywa. Wote 13 wautie saini kabla mchango wa mwezi ujao haujakusanywa.