Mtoto wangu ana miaka 11: je, yuko tayari kuwinda kulungu kwa upinde?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni watu wa Bukavu, sasa tunaishi Lexington, Kentucky. Mwanangu ana miaka 11. Yuko kwenye timu ya upinde ya shule kwa mwaka wa pili, na katika mashindano ya mwisho alipata pointi 271 kati ya 300. Jirani yetu ni mwindaji wa siku nyingi, na anataka waende pamoja kuwinda kulungu msimu ukifunguliwa Septemba. Amemwazima upinde alioukaza kufikia pauni 40, anasema chini ya hapo haifai. Mtoto anauvuta, lakini mikono inatetemeka na lazima aanze kwa kuuelekeza juu. Baba yake anasema aende. Mimi nina wasiwasi. Umri unaofaa ni upi, na nitajuaje kama yuko tayari?

JIBU: Marahaba, mama. Nikujibu moja kwa moja: kwa hayo uliyoyaeleza, mwanao hajawa tayari kumwachia kulungu mshale Septemba hii. Aende porini na jirani, ila aende mikono mitupu. Sababu yangu haitokani na umri wake.

Umri hautakusaidia sana, kwa sababu hata majimbo yenyewe hayakubaliani. Hapo Kentucky mtoto wa chini ya miaka 12 hadaiwi leseni wala ile kadi ya rangi ya chungwa ya mafunzo ya usalama, mradi awe na mtu mzima aliyetimiza masharti, tena aliye karibu kiasi cha kuweza kuushika upinde papo hapo. Ukienda Colorado, hakuna kuwinda mnyama mkubwa kabla ya kutimiza miaka 12. Wisconsin nao waliondoa kabisa umri wa chini mwaka 2017 kwa mtoto anayewinda chini ya uangalizi. Nimefundisha watoto wa miaka tisa waliokuwa na utulivu wa mzee, na vijana wa kumi na tano ambao nisingewakabidhi hata manati. Pamoja na hayo, mpeleke kwenye mafunzo hata kama sheria haimlazimishi bado. Atarudi na lugha moja na jirani yenu kuhusu usalama.

Sasa hizo pointi 271. Hongera zake, na ninasema kwa dhati, maana mpango ule wa upinde shuleni ulizaliwa hapo hapo Kentucky mwaka 2002 na ushindani wake si mdogo. Lakini tuziangalie vizuri. Shabaha ya shule ina upana wa sentimita 80. Duara la pointi kumi lina upana wa sentimita 8, la tisa 16, la nane 24. Moyo na mapafu ya kulungu mzima, ukimtazama ubavuni, ni eneo la kama sentimita 20. Maana yake mshale wowote uliompa pointi nane ungekuwa pembezoni mwa mapafu au nje kabisa, na ule wa pointi sita ungeingia tumboni au ungevunja mguu. Mwenye pointi 271 ana wastani wa tisa, lakini ndani ya wastani huo mna mishale kadhaa mibovu iliyofichwa na mizuri. Shuleni mshale wa pointi sita unakugharimu pointi nne. Porini unamgharimu mnyama usiku mzima wa maumivu.

Kwa hiyo kipimo changu ni mshale wa kwanza. Weka sahani ya karatasi ya sentimita 15 umbali wa yadi 15. Mtoto akitoka ndani asubuhi, kabla ya kupasha misuli joto, apige mmoja tu, kisha upinde urudishwe ndani. Kesho vivyo hivyo. Apige akiwa amekaa kwenye kiti, amevaa koti atakalovaa porini, mara nyingine akiwa amepiga magoti. Akipata sahani siku kumi mfululizo kwa kutumia chembe (ncha za mshale) za kuwindia zenyewe, si zile butu za mazoezi, hapo mkono wake umeiva kwa yadi 15. Yadi 20 zisubiri. Hata yadi 15 si karibu kama zinavyoonekana: mshale wa upinde wa mtoto huchukua karibu robo ya sekunde kufika, na kulungu akisikia mlio wa uzi huinama ili aruke, mshale ukapita juu ya pale ulipolenga.

Upinde wa shule hauwezi kazi hii. Nguvu yake ni pauni 10 hadi 20, umetengenezwa kwa shabaha ya sponji. Nadhani jirani yenu ameitoa pauni 40 ng'ambo ya mto, kwa kuwa Ohio hicho ndicho kiwango cha chini kisheria. Wisconsin ni 30. Mimi ninashikilia kwamba upinde anaoumudu mtoto ni bora kuliko upinde unaommudu yeye. Mkalishe kwenye kiti, miguu ikining'inia juu ya sakafu, upinde ukielekea shabaha tangu mwanzo. Avute polepole bila kuuinua, ashikilie sekunde 20, kisha aurudishe taratibu bila kuachia. Kama lazima auelekeze mbinguni kwanza, ni mzito mno. Kulungu aliye hatua 15 ataona mkono ukipanda na atakuwa ameshaondoka. Kubwa zaidi, bega la mtoto wa miaka 11 bado lina mifupa inayokua. Akilalamika maumivu ya bega au kiwiko, pumzikeni.

Mwombe jirani aulegeze hadi uzito ambao mtoto anafaulu jaribio hilo, hata kama ni pauni 25, kisha aongeze pauni mbili kila baada ya wiki kadhaa. Pinde hizi za roda, yaani zenye magurudumu madogo yanayopitisha uzi, zina nafuu yake: roda zikishazunguka, uzito unaobaki mkononi ni sehemu ndogo tu, na ndiyo maana mtoto anaweza kushikilia. Mtetemo unaouona unatokea njiani, kabla ya kufika huko.

Mtakapofika pauni 35 au 40, nendeni dukani kwenye kipimo cha mwendo, mfanye hesabu hii: uzito wa mshale kwa punje (kipimo kidogo cha uzito, kwa Kiingereza "grain"), zidisha kwa mwendo wake kwa futi kwa sekunde, zidisha tena kwa mwendo huo huo, gawanya kwa 450,240. Mshale wa punje 380 unaokwenda futi 190 kwa sekunde unatoa nguvu ya futi-pauni 30 na kitu. Chati inayotumika sana huweka kulungu kati ya 25 na 41, kwa hiyo hapo mko ndani, lakini bila akiba ya kuchezea. Ndiyo sababu mtoto atumie mshale mzito kiasi na chembe isiyofunguka, yenye makali mawili yanayokata mara yanapogusa ngozi. Chembe zile zinazofunguka kama mwavuli hutumia nguvu kujifungua, na mtoto hana nguvu ya kugawa. Mshale huua kwa kukata na kumwaga damu. Haumwangushi mnyama kwa kishindo kama risasi.

Haya yote mkono unaweza kufundishwa. Kinachonichukua muda mrefu ni jingine: je, mtoto anaweza kuuvuta upinde, kulungu akiwa mbele yake, moyo ukidunda, mtu mzima akisubiri kando, kisha akaushusha?

Nilimpeleka mwanangu akiwa na miaka kumi. Kwenye sahani hakuwa akikosa. Jioni ya tatu alikuja kulungu jike, amesimama akituangalia uso kwa uso. Mtoto alijua kwamba pembe ile haifai, kwa kuwa mfupa wa bega na wa kifua umekinga kila kitu. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe. Lakini nilikuwa nimenong'ona, "Huyo, huyo!" na akaachia. Tulikuta mshale una majimaji ya kijani. Badala ya kusubiri kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili kama inavyotakiwa kwa mnyama aliyepigwa tumboni, nilianza kufuata damu baada ya nusu saa kwa sababu giza lilikuwa linaingia. Tulimshtua akakimbilia mbali, na hatukumpata. Mwanangu hakugusa upinde miaka miwili. Kosa lilikuwa langu tangu nilipofungua mdomo.

Tangu hapo kila mtoto ninayemfundisha hukaa msimu mmoja bila upinde. Anashika darubini. Kila kulungu anayepita ananiambia kwa sauti ya chini, "Ninaachia," au, "Siachii," na kwa nini: amesimama ubavu, au amegeuka kidogo kuelekea mbali nasi na mguu wa mbele umefungua njia ya mapafu; au kuna tawi, au mwingine yuko nyuma yake. Anayesema "siachii" mara nyingi kuliko "ninaachia" anaanza kuiva. Wavulana wa Kihadza, jamii ya wawindaji kule Ziwa Eyasi, Tanzania, hushika upinde wakiwa wadogo sana, lakini kwa miaka mingi wanachokifuata ni ndege na wanyama wadogo karibu na kambi. Hakuna anayewaharakisha.

Muulize pia mwanao, mkiwa wawili tu, kama anataka mwenyewe au hataki kuwaangusha baba na jirani. Mwambie kitakachofuata. Kulungu aliyepigwa mapafu yote mawili hukimbia kidogo na kufa ndani ya sekunde chache, damu yake ni ya waridi yenye povu; hata huyo asubiriwe nusu saa. Damu nyeusi-nyekundu ni ini, huyo asubiriwe kwa muda wa saa nne au zaidi. Kisha kuna kupasua, kutoa matumbo, kuripoti kwa idara ya wanyamapori ya jimbo kabla ya saa sita usiku wa siku hiyo. Mtoto ambaye ameshashika kuku akichinjwa, akamnyonyoa na kumla, ana hatua moja mbele. Na Septemba ya Kentucky ni joto. Mnyama aliyepigwa vibaya jioni, akaachwa hadi asubuhi, nyama yake huenda ikaharibika. Kwa mwindaji wa mara ya kwanza ningengoja hewa ipoe, na nafasi ipo, kwani msimu wa upinde unaendelea hadi Januari. Ila siku ambazo bunduki zimeruhusiwa, hata mwenye upinde avae rangi ya chungwa.

Asipandishwe kwenye ulingo wa juu ya mti mwaka wa kwanza. Kuanguka kutoka huko kunaumiza wawindaji wengi mno, na hata mtu mzima hapaswi kupanda bila mkanda wa mwili mzima. Hema la kuvizia chini linatosha, tena linaficha mkono unaovuta.

Jambo la mwisho ni la kumuuliza jirani: siku mtoto atakapobeba upinde, je, yeye ataacha wake nyumbani? Mtu anayewinda hawezi wakati huo huo kumtazama mtoto kidole na pumzi. Akikubali bila kusita, mwamini. Akisema atakuwa na wake "ikitokea tu," baba yake aende akachukue mafunzo, awe ndiye anayekaa kando ya mwanawe.