Kifaa cha kunyonya: jibu kwa dada aliyesema hasikii kitu

Shosti, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyofuata, ambayo nusu ni utani na nusu ni mahubiri. Umesema una miaka thelathini na ushee, umeolewa, rafiki yako akakusifia kile kifaa kidogo cha kunyonya kisimi hadi ukaagiza chako. Mara ya kwanza ulikibandika ukaruka, kikakuuma. Ukarudia siku nyingine, safari hiyo hukusikia chochote zaidi ya mlio. Sasa unauliza kama mwili wako una kasoro au umeuziwa feki. Feki inawezekana, nitaligusa huko chini. Kasoro huna.

Wanaoleta hoja ya dini nawaheshimu, ila muulizaji hakuomba hukumu, kauliza matumizi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mtalaka, watoto wameshakua, na naishi Ujerumani, nchi ambayo kwa kweli ndiyo vilikotokea vifaa hivi. Womanizer, kifaa cha aina hii hii, ilitoka mwaka 2014, kazi ya Michael Lenke wa Bavaria na mkewe Brigitte. Imeandikwa sana kwamba majaribio yake ya mwanzo aliyafanya na pampu ya tangi la samaki, na mke ndiye aliyekuwa akimwambia hapa ndiyo, hapa siyo. Miaka miwili baadaye ikaja kampuni nyingine, Satisfyer, nayo ya Wajerumani, ikashusha bei hadi mtu wa mshahara wa kawaida akaweza kununua. Huku leo unavikuta kwenye maduka ya kawaida ya vipodozi. Changu cha kwanza nilikitoa kwenye rafu iliyopakana na pedi na kondomu. Nyuma yangu kwenye foleni alisimama bibi mwenye dawa ya meno na chakula cha paka, wala hakukitupia jicho. Mimi ndiye niliyekuwa nimekifunika kwa kitenge cha mkobani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Hicho kifaa hakinyonyi mfululizo. Ndani ya kidomo kuna kiwambo kinachocheza mbele na nyuma kwa kasi. Kinasukuma hewa, kinaivuta, kinasukuma tena. Kinachokufikia ni mapigo ya hewa. Ule ukingo wa silikoni kazi yake ni kukizunguka kisimi bila kukigusa na kuziba pembeni ili hewa isitoroke. Umewahi kumwona mtoto akivuta pumzi kwenye kikombe cha plastiki hadi kikagandia mdomoni? Ukingo ukikaa sawasawa kinaganda. Kikiachia upenyo mdogo tu, kinadondoka. Kwa hiyo kila anayekuja hapa na kusema "ongeza spidi" anakupoteza. Tatizo la wengi wanaoanza siyo nguvu, ni kuziba. Ukiongeza spidi bila kuziba unaongeza kelele tu, na ukija kuziba ghafla huku spidi iko juu, ndipo unaporuka. Nadhani yote mawili yamekupata, kila moja kwa siku yake.

Kipimo chake ni sikio. Kiwashe kikiwa hewani, usikilize: kitavuma kwa ukali, wakati mwingine mpaka unaogopa majirani. Kikishaziba, ule mlio unashuka na kuwa mzito, wa chini, unajifukia ndani. Sogeza kidogo kidogo, nusu ya upana wa kidole, huku ukisikiliza. Mlio ukishuka, tulia hapo hapo. Usikandamize. Mkono mzito unakifanya kidomo kiguse kisimi chenyewe, na hapo utasikia maumivu au ganzi, utamu hakuna. Kitu hiki hakikuandikwa kwenye kile kijitabu chenye lugha kumi na nane nilichokikuta kwenye boksi.

Mambo matatu yanaharibu kuziba, na hakuna anayeyasema kwa sababu yanaonekana madogo. La kwanza ni ukavu. Paka kilainishi cha maji pale pembeni, kwenye ngozi inayokutana na ukingo, tone la ukubwa wa punje ya harage. Kisiwe cha silikoni, kwa sababu silikoni ya kilainishi huweza kuiharibu silikoni ya kifaa. Na mafuta ya nazi yaache, yanaganda mle kwenye kidomo, na ukija kutumia kondomu siku hiyo hiyo mafuta yanadhoofisha mpira. La pili ni nywele. Si lazima unyoe, ila zikipita katikati ya ukingo hewa inatoroka, basi zigawe kwa vidole au zipunguze kwa mkasi. La tatu ni mkao. Ukilala chali umebana mapaja, mashavu ya nje ya uke yanakiinua kidomo juu na hakifiki. Weka mto chini ya kiuno, tanua miguu kidogo, mkono mmoja uvute ngozi kwenda juu kuelekea kitovuni, mwingine ushike kifaa. Ukishapata mahali unaweza kubana mapaja tena, na wengi wanapenda hivyo.

Halafu usianze nacho mwili ukiwa baridi. Najua wanaouza wanasema dakika mbili umemaliza. Kisimi kina mishipa inayojaa damu mwili unapoamka, kinavimba, kinatoka kidogo kwenye kifuniko chake. Kabla ya hapo kifaa hakina cha kuzunguka. Fanya unachopenda kwanza, fikra zako, mikono yako, chochote. Kisha washa kiwango cha chini kabisa, kiache hapo hapo mpaka uone mwili wenyewe unakifuata. Ndipo upandishe kimoja. Mimi mpaka leo sivuki kiwango cha nne katika kifaa chenye kumi na moja, na wala sioni sababu.

Ukiuliza kilivyokuwa kwangu: mwanzo nilisikia kitu kama kugongwagongwa kwa mbali, nikakaribia kukata tamaa. Nikazima, nikapaka kilainishi, nikasogeza kidogo upande wa kushoto (ndiyo, upande una maana, si kila mtu yuko katikati kamili), ule mlio ukashuka. Nikaacha kuhesabu. Kilele kilikuja bila zile ngazi nilizozizoea, kikaja kwa ghafla, nikacheka kwa sauti peke yangu chumbani. Baada ya hapo pakawa na hisia kali mno, hata shuka likigusa ni shida. Kwa hiyo ukifika, usikivute moja kwa moja kikiwa kimeganda. Inamisha ukingo upande mmoja hewa iingie, kisha ndipo ukitoe.

Kuhusu hofu yako kwamba una kasoro kwa sababu na mume nako "hufiki bila kusaidiwa". Hapa nitakaa kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, wakiongozwa na Debby Herbenick, waliwauliza wanawake zaidi ya elfu moja, na ni asilimia 18 hivi tu waliosema kuingiliwa peke yake kunatosha kuwafikisha. Zaidi ya theluthi walisema bila kuguswa kisimi hawafiki kabisa wakiwa kwenye tendo. Kwa hiyo ukiwa wa aina hiyo, uko na watu wengi sana. Na ukitaka kujua kwa nini, kile kinachoonekana nje ni ncha tu. Daktari Helen O'Connell wa Australia alichapisha mwaka 1998 uchunguzi ulioonyesha kwamba sehemu kubwa ya kisimi iko ndani, ina miguu miwili na mafungu mawili ya nyama yanayojaa damu, yamekumbatia njia ya uke pande zote. Mwaka 1998! Simu za mkononi zilishakuwepo. Mwaka 2022 timu ya Blair Peters huko Oregon ikahesabu nyuzi za neva zinazokihudumia kisimi, zikapita elfu kumi. Ile hesabu ya elfu nane iliyokuwa ikizungushwa kila mahali ilitokana na ng'ombe.

Mimi nilitolewa unyago. Kungwi wangu, Mungu amrehemu, alijua kazi yake: kiuno, shanga, udi, namna ya kumpokea mume, namna ya kumfuta. Wiki nzima ya mafunzo, na neno moja juu ya mimi nitafikaje sikulisikia. Simlaumu, na yeye hakufundishwa. Ila ndiyo maana mtu anafika miaka arobaini anajifunza mwili wake kwa kijitabu cha Kijerumani.

Kuna aliyejibu hapo juu kwamba ukikizoea utakufa ganzi na mume hatakufaa tena. Ganzi ya muda ipo ukikitumia kwa nguvu na kwa muda mrefu, ukipumzika inaondoka. Herbenick huyo huyo mwaka 2009 alitoa utafiti wa wanawake wa Marekani, zaidi ya nusu walikuwa wameshawahi kutumia vibreta (vifaa vinavyotetemeka), na kati ya waliotumia, asilimia 71.5 walisema hawajawahi kupata dalili yoyote mbaya sehemu za siri. Kuzoea njia moja kupo, hilo silikatai. Ukiona huwezi tena bila mashine na hupendi hali hiyo, kiweke kabatini kwa muda na urudie vidole.

Kuhusu mume: usimfiche mpaka akikute chini ya mto. Mwanamume akikikuta mwenyewe anaona ameshitakiwa. Ukimwonyesha wewe, tena siku mko vizuri, ukampa akishike na akijaribu kwenye kiganja chake, au kwenye ncha ya pua, wengi wanageuka watoto, wanataka kubonyeza vitufe vyote. Ila mwambie spidi unaendesha wewe. Kwenye tendo lenyewe, mkao wa ubavu au wa nyuma unakuachia nafasi ya mkono. Mkao wa yeye kukulalia juu haukuachii, mtaishia kugombana na kifaa.

Dada mwingine aliandika kwa aibu kwamba alikeketwa, akauliza kama kitu hiki kinamhusu. Kinaweza kukuhusu, dada. Kwa sababu sehemu kubwa iko ndani, wengi mnabaki na hisia chini ya kovu. Lakini kovu halipendi kuvutwa, kwa hiyo anza kiwango cha chini, kilainishi kingi, na ukisikia mchomo acha. Kama kovu linauma hata bila kifaa, muone daktari wa wanawake kabla. Walio Ujerumani, hospitali ya Waldfriede huko Berlin ina kituo cha Desert Flower kilichofunguliwa mwaka 2013, wanahudumia wanawake waliokeketwa, hawakushangai wala hawakuhubirii.

Feki sasa. Kinuse. Silikoni nzuri haina harufu. Kile kinachonuka kama ndara mpya ndicho cha kutilia shaka, maana plastiki laini za bei ya chini zina vinyweleo vinavyohifadhi uchafu. Kichwa cha silikoni kitoke, ili ukioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali kila baada ya kutumia, ukikaushe kabla ya kurudisha. Kama kimeandikwa IPX7, alama ya kustahimili maji, kinavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa, unaweza kuingia nacho bafuni. Na kwa kweli ndani ya maji kinaziba vizuri zaidi. Kama hakijaandikwa chochote, kifute kwa kitambaa, usikizamishe. Usikitumie penye kidonda au malengelenge, na usimwazime shoga, hata mkiwa pete na kidole.

Chaji ijae kabla ya mara ya kwanza. Nyingi zina waya wa sumaku unaochomoka ukipumua tu, angalia taa kama kweli inawaka. Betri ni ya lithiamu, ukisafiri ibebe kwenye mkoba wa mkononi, na ukiweke kwenye kufuli ya safari kama kinayo: mara nyingi ni kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja sekunde chache. Shoga yangu hakujua hilo, sanduku lake likaanza kuvuma kwenye mkanda wa uwanja wa ndege, yule kijana wa ukaguzi akamuuliza kwa upole kama ana mswaki wa umeme. Akasema ndiyo. Na kwa mnaotaka kuagizia ndugu nyumbani, ulizeni kwanza sheria ya huko inasemaje juu ya vitu vinavyoitwa vya aibu. Msimpe mtu kesi kwa zawadi.

Shosti, rudi uniambie mambo mawili: boksi lako lilikuja na vichwa viwili au kimoja, na tundu la kidomo lina upana gani? Kikiwa kikubwa kuliko wewe, hakitaziba hata ukipaka chupa nzima, na hapo suluhisho ni kununua kichwa kidogo peke yake, ambacho aina nyingi zinacho, siyo kununua kifaa kipya.