Hesabu Mikwamo Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Video za PAL na NTSC

Maswali ya safari hii yanafanana: video ilikuwa inatiririka vizuri, ikabadilishwa mfumo kati ya PAL na NTSC (mifumo miwili ya video ya televisheni za zamani), sasa inakatakata. Kabla hujagusa mpangilio wowote, tazama inakatika vipi. Kila kosa lina mwendo wake.

Fundi, nimebadilisha video ya PAL iwe NTSC. Watu wakisimama iko sawa, lakini kamera ikigeuka polepole picha inashtukashtuka. Nimepandisha ubora hadi mwisho, wapi!

Ubora hauhusiki. PAL ina fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde, NTSC ina 29.97. Programu yako ilipewa 25 ikatakiwa kutoa karibu 30, basi ikaziba pengo kwa kurudia fremu. Jionee mwenyewe: fungua faili jipya kwenye VLC, programu ya kuchezea video, simamisha pale kamera inapogeuka, kisha bonyeza herufi E. Kila ukibonyeza, video inasogea fremu moja. Fuata kitu kimoja kwa jicho, tuseme nguzo. Itasogea mara tano, na mbonyezo wa sita haitasogea hata kidogo. Huo ndio mkwamo wako, na unajirudia karibu mara tano kila sekunde.

Dawa ni kutoanzia kwenye zile fremu 25. Kwa kawaida, video ya kamera ya kanda hubeba nusu fremu mbili ndani ya kila fremu: mistari ya picha ya witiri ni ya wakati mmoja, ya shufwa ni ya wakati mwingine, na nyakati hizo zinaachana kwa sehemu ya 50 ya sekunde. Kwa hiyo unazo nyakati 50 kwa sekunde, si 25. Zitenganishe ziwe fremu kamili 50. Kwenye FFmpeg, programu ya kubadilisha video kwa amri, kichujio cha bwdif hufanya hivyo chenyewe. Kichujio kingine, yadif, hutoa 25 tu usipokiagiza vingine, na wengi hupoteza nusu ya mwendo hapo bila kujua. Baada ya hapo ndipo upunguze mistari kutoka 576 ya PAL hadi 480 ya NTSC, upeleke fremu kwenye 59.94, halafu uzifume tena, kila mbili ziwe fremu moja. Marudio yatakuwapo bado, ila kila moja hudumu nusu ya muda wa awali, na jicho huyasamehe.

Tafadhali ufuate mpangilio huo. Ukipunguza mistari kabla ya kutenganisha, witiri na shufwa huchanganyika, na hakuna kichujio kitakachozirudisha.

Yangu haikwami, inatetemeka. Mtu akitembea anaonekana kama anakwenda mbele na kurudi.

Nusu fremu zimepinduliwa: ya pili inaonyeshwa kabla ya ya kwanza. Kanda za DV (za kamera za kidijitali) huanza na mistari ya chini, DVD nyingi za PAL huanza na ya juu, na programu ikikisia vibaya ndiyo matokeo yake. Badilisha mpangilio huo kwenye faili la asili, kisha ubadilishe mfumo upya. Angalia pia kama ulikata ukingo wa juu wa picha: ukikata mstari mmoja, au idadi yoyote ya witiri, umepindua mpangilio kwa mkono wako.

Nina filamu ya NTSC, nataka iwe PAL. Inaruka vibaya.

Hapa usitumie dawa ya swali la kwanza. Filamu ya sinema hupigwa kwa fremu 24, na ili ifike 29.97 nusu fremu zake hurudiwa kwa zamu, mbili, tatu, mbili, tatu. Ipitie fremu moja moja huku umezima kichujio cha kutenganisha nusu fremu: mara nyingi utakuta tatu safi, mbili zenye meno kama ya kitana. Ukiona hivyo, furahi, maana filamu halisi imo humo bila kuharibika. Vichujio vya fieldmatch na decimate, kwa mfuatano huo, vitakurudishia fremu 23.976. Kisha iendeshe kwa 25, na sauti uiharakishe kwa asilimia 4.27. Filamu ya dakika 100 itakwisha kwa takriban 96. Tumia kichujio cha sauti cha atempo ili sauti za waigizaji zisipande.

Nitajuaje kama ni kompyuta yangu tu iliyo dhaifu?

Cheza faili mara mbili. Likikwama palepale, kosa limo ndani ya faili. Mikwamo ikihama, ni mashine.

Je, ni lazima kubadilisha?

Kwa video ya kutazamwa kwenye kompyuta au simu, hapana. Vifaa hivyo hucheza fremu 25 na 29.97 bila shida. Tenganisha nusu fremu, bakiza 50 zako, na faili la asili usilifute. Kubadilisha mfumo kuna maana pale tu unapotengeneza DVD ya kuchezwa kwenye deki na televisheni za zamani zisizokubali mfumo wa pili.