Bima ya viza ya Uhispania: ya kumridhisha konseli na ya kukutibu

Kila nikirudi Leicester, Uingereza, kusalimia watu, swali la kwanza huwa ni pesa: mnaishije huko Uhispania bila kazi? Hilo jibu lake ni fupi. Viza ya wastaafu na wengine wasiofanya kazi, ambayo Wahispania huiita no lucrativa, inataka uonyeshe kipato cha asilimia 400 ya IPREM, kiwango cha serikali ambacho tangu 2023 ni euro 600 kwa mwezi. Yaani 2,400 kwa mwombaji na 600 zaidi kwa mwenza wake. Pensheni yangu ya uuguzi, ya mume wangu, na kodi ya nyumba tuliyoipangisha zilitosha. Karatasi iliyotusumbua ni ya bima ya afya, na naona ndiyo inayowakwamisha wengi wa rika letu, sisi ambao kisukari na presha tunaishi navyo nyumba moja.

Nilichotaka kuwaambia ni hiki. Bima inayomridhisha konseli, yule afisa wa ubalozi mdogo anayeamua viza, na bima itakayokutibu ukiugua si lazima ziwe kitu kimoja. Unaweza kupata viza safi kabisa kwa bima isiyogusa ugonjwa wako mkubwa. Kwa hiyo unaponunua, jiulize maswali mawili tofauti, na usiyachanganye.

Tuanze na konseli. Kanuni inataka bima ya umma au ya binafsi, kutoka kwa kampuni iliyoruhusiwa kufanya kazi Uhispania. Hapo vitu vingi vinaanguka mara moja. Bima ya safari haifai, hata uikate ya mwaka mzima. Kadi ya GHIC ya Uingereza, ile ya matibabu ya msafiri, ni ya mgeni anayepita, si ya anayehamia. Ndugu zetu wanaoomba kutoka Nairobi au Dar es Salaam wasihangaike na kadi za bima ya afya ya serikali, SHA wala NHIF, maana hizo ni za nyumbani. Kwao mlango ni mmoja tu, kampuni ya binafsi iliyoruhusiwa Uhispania.

Bima hiyo ya binafsi isiwe na copago, yaani usidaiwe hata senti unapomwona daktari au unapolazwa. Pia isiwe na carencia, kile kipindi cha kusubiri ambacho bima za kawaida za Uhispania zinakuwekea, mara nyingi miezi sita kwa upasuaji na minane kwa uzazi. Bima za bei nafuu unazoziona kwenye matangazo karibu zote zina kimojawapo cha vitu hivi, na ndiyo sababu ya unafuu wake. Makampuni makubwa yana bima zilizotengenezwa mahususi kwa waombaji wa viza. Ni ghali zaidi, na bei hupanda na umri. Sisi wawili, mimi miaka 61 na mume wangu 64, tulilipa zaidi ya euro elfu tatu kwa mwaka, zote kwa mkupuo. Malipo ya mwezi kwa mwezi humfanya konseli ashuku kwamba utaikatiza ukishapata kadi ya ukaazi, na kusema kweli wapo waliofanya hivyo.

Pamoja na mkataba, dai cheti. Cheti ndicho kinachosomwa dirishani. Kiwe kwa Kihispania, kiwe na majina kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe za kuanza na kuisha, na kitamke wazi kwamba hakuna copago, hakuna carencia, na kwamba matibabu yanafunikwa kama yale ya mfumo wa umma. Kila mmoja awe na chake. Mkiolewa mkabadilisha jina, dada zangu, hapo ndipo pa kukagua mara mbili.

Watu pia huchanganya cheti hiki na kile cha daktari. Cheti cha daktari kinasema huna ugonjwa wa hatari kwa afya ya umma kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005. Kisukari hakimo katika hesabu hiyo. Konseli hakunyimi viza kwa sababu ya sukari wala presha. Anayekuuliza habari za sukari yako ni kampuni ya bima.

Na hapa ndipo kwenye kazi. Kabla ya kukukubali, kampuni inakupa fomu ya maswali ya afya: umelazwa lini, unakunywa dawa gani, umewahi kupasuliwa? Dalali mmoja wa bima alitushauri tuache kuandika kisukari cha mume wangu, ati "kila mtu anafanya hivyo". Sikushangaa, kwa kuwa yeye analipwa ukikata bima, si ukitibiwa. Sheria ya mikataba ya bima ya Uhispania, namba 50 ya 1980, kifungu cha 10, inasema hivi: ukificha jambo uliloulizwa, kampuni ikigundua inaweza kuvunja mkataba, na ikiwa ulificha kwa makusudi au kwa uzembe mkubwa, haina wajibu wa kulipa. Mimi nimefanya kazi wodini miaka mingi. Mtu akiletwa na kidonda cha mguu, kipimo cha kwanza ni sukari, na faili litasema ameishi nayo tangu lini. Uongo wa aina hiyo haudumu hata asubuhi moja hospitalini.

Tukaandika kila kitu. Kampuni ya kwanza ilikataa. Ya pili ilimkubali mume wangu lakini ikaondoa kisukari "na matatizo yatokanayo nacho". Mimi nilikubaliwa na presha yangu bila neno. Maneno manne hayo ya kisukari yanahitaji kuulizwa kabla ya kulipa. Figo zikidhoofika, macho yakiharibika, mguu ukioza, hayo yanaeleweka. Je, mshtuko wa moyo? Kiharusi? Mwenye kisukari anapata vyote hivyo kwa urahisi zaidi, na kampuni ikitaka inaweza kuviegemeza huko. Niliwaandikia barua pepe nikiuliza kimoja kimoja, na sikulipa mpaka nikapata majibu kwa maandishi. Jibu la simu halina faida siku ya kubishana. Walikubali kwamba dharura ya moyo inafunikwa, na kwamba figo na macho hayamo. Hatukufurahi, ila tulijua tumesimama wapi, na tukatenga akiba kwa ajili ya mwaka ule wa kwanza.

Dawa nazo zihesabu. England mwenye kisukari anayekunywa dawa halipi famasi, wala mtu wa miaka 60 na zaidi. Uhispania bima ya binafsi kwa kawaida hailipii dawa za kununua nje ya hospitali. Metformin ni euro chache, haina neno. Ukiwa unatumia insulini au zile sindano mpya za kisukari, ulizia bei mapema.

Sasa habari njema, ambayo madalali hawaitaji kwa sababu haina kamisheni. Ukishakaa Uhispania mwaka mzima mfululizo unaweza kuomba convenio especial, mkataba wa kujiunga na mfumo wa umma kwa kulipia. Aliye chini ya miaka 65 analipa euro 60 kwa mwezi, na kuanzia 65 ni euro 157. Hawakuulizi una ugonjwa gani, wala hawaondoi chochote kwa sababu ya ugonjwa wa zamani. Kasoro zake ni mbili: dawa unanunua kwa bei kamili, na ukitoka Uhispania haikufuati. Ule mwaka mmoja unathibitishwa kwa padrón, daftari la wakazi la manispaa, kwa hiyo jiandikishe mara tu unapopata pa kukaa. Nawajua watu waliofika Málaga, wakajistarehesha pwani miezi kadhaa kabla ya kwenda manispaa, na saa yao ikaanza kuhesabu siku hiyo.

Wale waliochangia pensheni ya serikali ya Uingereza na kufika umri wake, ambao ulikuwa 66 na unapandishwa hadi 67 kati ya 2026 na 2028, wana njia bora kuliko zote: fomu ya S1. Unaiomba NHS Business Services Authority, ofisi ya huduma ya afya ya umma ya Uingereza, bure, na Uingereza ndiyo inayobeba gharama za matibabu yako Uhispania, kisukari na yote. Ukifika unaisajili INSS, ofisi ya hifadhi ya jamii. Mwenye S1 msimnunulie bima ya binafsi kwa hofu tu, lakini ulizeni konseli mapema kuhusu mwenza ambaye bado hajafika umri huo, maana kila mwombaji anadaiwa uthibitisho wake. Kama umebakiza miezi michache kufika umri wa pensheni na una ugonjwa mkubwa, ushauri wangu ni usubiri.

Safari za nyumbani zina hesabu yake. Bima nyingi za Uhispania hufunika dharura ukiwa nje, lakini kwa kiwango kidogo na kwa siku zilizowekewa kikomo. Tukienda Mombasa kwa Ramadhani tunakata bima ya safari pembeni. Na mambo ya mauti, samahani kuyataja: bima ya viza si bima ya mazishi. Wahispania wengi wana seguro de decesos kwa ajili hiyo. Anayetaka azikwe kwao ahakikishe mkataba huo unataja kusafirisha maiti hadi nchi yake kwa jina.

Mwaka wa kwanza ulipoisha hatukuacha bima ya binafsi papo hapo, kwa sababu maombi ya convenio huchukua muda na kadi ya ukaazi nayo ilikuwa inasubiri kuongezwa. Tulingoja hati ya convenio ya mume wangu ifike mkononi. Mimi nimebaki na ya binafsi, kwa kuwa daktari bingwa namwona upesi na presha yangu imo. Ukiamua kuiacha yako, angalia kalenda: mikataba hii hujihuisha yenyewe kila mwaka, na kwa kifungu cha 22 cha sheria ileile unatakiwa utoe taarifa angalau mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kuisha. Tuma kwa burofax, barua rasmi ya posta, inayobaki na ushahidi wa ulichoandika na siku kilipopokelewa.