Kisichoonekana hupimwaje uzito?

SWALI: Nasoma fizikia hapa Lubumbashi. Tunaambiwa maada ya giza haitoi mwanga na hupita vyombo bila kuvigusa. Sasa kule CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Uswisi, wataijuaje sifa zake? — Msomaji, komini ya Kenya

JIBU: Ndugu msomaji, wanatafuta pengo. Protoni za LHC, mashine ya CERN inayogonganisha chembe, huja kwenye mstari mmoja, kwa hiyo momenta (uzito mara kasi) ya kukingama mstari huo ni sifuri, na baada ya mgongano jumla yake lazima ibaki sifuri. Jeti, yaani kishada cha chembe, ikiruka kushoto na GeV 400 (GeV ni kipimo cha nishati, na pia cha uzito wa chembe), kulia kukawa kutupu, kuna kilichotoroka.

Mara nyingi ni neutrino tu, chembe nyepesi mno zinazopita chombo bila kuonekana. Bozoni ya Z, chembe nzito isiyodumu, huvunjika kuwa neutrino takriban mara 20 kati ya 100. Dawa yake ni nzuri mno: chukua Z zilizovunjika kuwa muoni mbili (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi), zifute hizo muoni kwenye data, na pengo linalobaki ni sawa na lile la neutrino. Kila Z moja ya muoni ina wenzake karibu sita wa neutrino.

Chombo nacho hukosea. Kalorimeta, yaani vipima nishati, za miisho ya ATLAS, chombo kimoja cha LHC, zina sahani za shaba, madini yetu tunayoyajua, za milimita 25 na 50, ndani ya argoni ya kimiminika. Kipande kikifa, jeti inayopita pale husomwa pungufu na pengo la uongo linazaliwa. Ndiyo maana pengo likielekea upande wa jeti, tukio hilo hutupwa.

Uzito ni mgumu kwa protoni, maana hatujui kwaki au gluoni (chembe za ndani ya protoni) iliyogonga ilibeba nishati kiasi gani. Elektroni na positroni, pacha wake mwenye chaji chanya, hazina fumbo hilo. Zikigongana kwa jumla ya GeV 250, fotoni (chembe ya mwanga) ikaonekana peke yake, kikomo cha nishati yake kinasema: chembe mbili za giza za GeV 100 kila moja humwachia fotoni GeV 45 tu, zikiwa za GeV 50, hufika 105. Namna idadi ya fotoni inavyoshuka karibu na kikomo, ghafla au polepole, husaidia kujua spini, yaani mzunguko wa asili wa chembe.

Lakini kutoroka chomboni ni kuishi nanosekunde makumi tu. Maada ya giza imedumu miaka bilioni 13.8. Kwa hiyo hata ishara ikipatikana, vyombo vya zenoni (gesi nzito iliyogeuzwa kimiminika) vya chini ya ardhi, kama LZ kule Marekani, lazima vione chembe ya uzito uleule.